Toleo Jipya Limetoka Wapi? Mazungumzo na Wananchi wa Umwe kuhusu Masasisho ya Programu

Haya ni maneno ya mhadhara uliotolewa mbele ya wananchi wa Kata ya Umwe, Wilaya ya Rufiji, Mkoa wa Pwani. Yamechapishwa katika kijitabu hiki ili yawafae pia watumiaji wa maeneo mengine ambao hawakupata kuhudhuria.

  

Jambo nililotumwa kulizungumza lina jina zito, lakini kila mmoja wetu amekwisha kukutana nalo. Ni lile tangazo dogo linalojitokeza juu ya kioo cha simu au kompyuta na kusema kwamba toleo jipya la programu limepatikana, sasisha sasa. Wapo wanaolibonyeza bila kulisoma. Wapo wanaolifuta kila linapotokea, kwa kuchelea kumaliza bando. Kila kundi lina sababu zake, na kila kundi limo hatarini kwa namna yake. Ombi langu kwenu leo ni moja: tuache kuwa na jibu moja kwa kila tangazo. Masasisho yapo ya namna mbalimbali, na kila namna ina haraka yake na tahadhari yake.

Programu huundwa na wengi

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Dau linalopita mbele ya macho yetu lina mbao za fundi mmoja, misumari ya kiwanda kingine, na tanga lililoshonwa mahali pa tatu. Programu ya simu nayo ni hivyo hivyo. Kampuni ambayo jina lake mnaliona juu ya programu aghalabu imeandika sehemu tu ya kazi ile. Sehemu nyingine imezichukua zikiwa tayari kutoka kwa watu wengine: sehemu ya kuonyesha matangazo, sehemu ya kusoma picha, sehemu ya kuweka kumbukumbu za matukio. Sehemu hizo huitwa vifurushi vya programu. Nisieleweke vibaya, hapa kifurushi si kile cha dakika na intaneti mnachokinunua kila siku. Ni kipande cha kazi ya mtu mmoja kinachopachikwa ndani ya kazi ya mwingine. Tena kifurushi chenyewe huweza kubeba vifurushi vingine ndani yake. Mfuatano huo wote, kutoka kwa mwandishi wa kwanza hadi kwenye simu yako, ndio tunaouita mnyororo wa ugavi.

Watu wa Rufiji ni wepesi wa kulifahamu jambo hili. Maji yanayopita Ndundu na kuelekea delta yamekusanywa kutoka Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Mvuvi wa delta huenda hajafika Kilombero maisha yake yote, lakini yatendwayo huko juu humfikia. Maji hayo hayo yakija kwa kiasi na kupungua, huacha udongo wa kulimia mlau. Yakizidi, kama mlivyoyaona mwezi Aprili 2024 hapa Rufiji na Kibiti, huondoka na mazao na nyumba. Hakuna mkulima wa bonde hili anayesema kwamba maji yote ni mema au kwamba maji yote ni mabaya. Huuliza yanatoka wapi, ni mengi kiasi gani, na yeye amejiandaa vipi. Na tuyatazame masasisho kwa jicho hilo.

Hasara ya kukataa

Nianze na wale wanaolifuta tangazo. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba upenyo mkubwa katika programu endeshi ya Windows. Waliokipokea walikuwa salama. Wengi hawakukipokea. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo, yaani karibu miezi miwili baadaye, virusi vilivyopewa jina la WannaCry vilipita katika upenyo ule ule, vikafunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fedha ili yafunguliwe. Nchini Uingereza hospitali za umma zilifuta maelfu ya miadi ya wagonjwa, na baadhi ya magari ya wagonjwa yalielekezwa kwingine. Dawa ilikuwepo, haikunywewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mfano wa pili unatugusa kwa karibu zaidi. Desemba 2021 ulimwengu ulitangaziwa kwamba kifurushi kiitwacho Log4j, ambacho kazi yake ni kuandika kumbukumbu za yale yanayotokea ndani ya programu, kilikuwa na upenyo wa kumwezesha mtu wa mbali kuitawala kompyuta. Kifurushi hicho kilikuwa ndani ya programu nyingi mno, na wamiliki wengi hawakujua kwamba wanacho. Miongoni mwa programu zilizohusika ni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliobuniwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Tanzania na nchi nyingi za Afrika huutumia kukusanya taarifa za vituo vya afya. Waundaji wake walitoa marekebisho. Lakini Log4j yenyewe ilihitaji kurekebishwa zaidi ya mara moja: ndani ya mwezi ule mmoja yalitoka matoleo 2.15.0, 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1, kila moja likiziba kilichosalia katika lililotangulia. Aliyesasisha mara moja akalala, alilala mlango ukiwa haujafungwa vema.

Nalitaja hili mbele yenu kwa sababu wilaya hii inajua thamani ya taarifa. Taasisi ya Afya Ifakara imekuwa na kituo Ikwiriri, na tangu mwaka 1998 kaya za Rufiji zimehesabiwa na kufuatiliwa mwaka baada ya mwaka: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama. Mlifungua milango yenu na kueleza mambo ya nyumbani mwenu mkiamini kwamba yatatunzwa. Daftari likiwa la karatasi, kulitunza ni kulifungia kabati. Daftari likiwa ndani ya kompyuta, kulitunza ni pamoja na kujua ni vifurushi gani vimo ndani ya programu inayolishika.

Hasara ya kupokea bila kuangalia

Sasa niwageukie wanaobonyeza bila kusoma. Mnamo Agosti 2019 watafiti wa kampuni ya Kaspersky walieleza kwamba baadhi ya matoleo ya CamScanner, programu ya kupigia picha nyaraka, yalikuwa na kipande chenye uwezo wa kuingiza programu hasidi katika simu. Programu hiyo ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 100 kutoka Play Store. Mnajua kazi ya programu za aina hii: vyeti, vitambulisho, mikataba ya viwanja, barua za kuombea kazi, vyote hupita humo. Kampuni yenye programu ilieleza kwamba kipande kile kilikuja ndani ya kifurushi cha matangazo kilichotoka kwa mtu wa tatu. Play Store iliiondoa, kisha ikarejea baada ya kusafishwa. Tuzingatie jambo moja: mtumiaji aliyesasisha alipita njia halali, na programu ilikuwa ile ile aliyoizoea. Kilichobadilika kilikuwa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Miaka miwili baadaye, Agosti 2021, Kaspersky waliona jambo la namna hiyo katika FMWhatsApp, ambayo si WhatsApp halisi bali ni nakala iliyobadilishwa na watu wengine ili iwe na mapambo na uwezo wa ziada. Toleo lake la 16.80.0 lilikuja na programu hasidi iitwayo Triada, iliyojificha ndani ya kifurushi cha matangazo. Programu hasidi ya namna hiyo, ikisha kupata ruhusa ya kusoma jumbe fupi, huweza kusoma zile tarakimu za uthibitisho zinazotumwa na benki au mtandao wa simu. Nakala kama hizi za WhatsApp hupendwa na vijana wetu, na hupitishwa kutoka simu hadi simu kwa kurushiana. Ndugu zangu, programu uliyorushiwa na rafiki haina mlango wa kurudi kwa mwenyewe. Ikiharibika, huna wa kumuuliza. Na ikisasishwa, hujui aliyeisasisha.

Mfano wa tatu ni wa kibiashara. Tarehe 27 Juni 2017 virusi viitwavyo NotPetya vilisambazwa kupitia masasisho ya M.E.Doc, programu ya hesabu na kodi iliyotumiwa na wafanyabiashara wengi wa Ukraini. Wadukuzi walikuwa wameingia kwa mwenye programu na kuuweka mzigo wao ndani ya toleo lililotazamiwa kuwa halali. Kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makontena yake tunayaona katika bandari zetu, ilipatwa. Ililazimika kuunda upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na hasara yake ilikadiriwa kuwa kati ya dola za Marekani milioni 250 na 300. Nakala moja muhimu ya kumbukumbu zake ilisalimika katika ofisi yake ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko na kompyuta ile ilikuwa nje ya mtandao virusi vilipopita. Kampuni kubwa namna ile ilinusuriwa na kukatika kwa umeme. Nasi tusingoje bahati ya aina hiyo. Tuweke kwa makusudi nakala ambayo haikuunganishwa na chochote.

Wapo pia wasio na nia mbaya wanaokosea. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro kutoka kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike lilizima kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Ndege ziliahirishwa na huduma za hospitali zikakwama. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na kazi iliyopelekwa kwa wote kwa pamoja kabla ya kujaribiwa kwa wachache.

Wanaotunza vifurushi ni watu

Huenda mtauliza: wakubwa hawavikagui vifurushi hivi? Jibu linatia uchungu. Vifurushi vingi ambavyo dunia inavitegemea hutunzwa na watu wachache wanaojitolea, baada ya kazi zao za kila siku, bila mshahara. Kimoja wapo kiitwacho XZ Utils, cha kubana mafaili, kimo katika kompyuta nyingi zinazoendesha intaneti. Mtunzaji wake alikuwa akisongwa na watu waliolalamika kwamba anachelewesha matoleo, na kwamba ampe mwingine nafasi. Mtu aliyejiita Jia Tan alijitokeza kusaidia. Kwa zaidi ya miaka miwili alifanya kazi njema, akaaminiwa, akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Kisha, mapema mwaka 2024, akaweka mlango wa siri ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1.

Aliyegundua ni mhandisi mmoja, Andres Freund, aliyeona kwamba kuingia katika kompyuta yake kunachelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida. Hakulipuuza. Alifuatilia hadi akafika kwenye chanzo, akatangaza tarehe 29 Machi 2024, kabla matoleo yale hayajaenea katika kompyuta nyingi. Kwa hiyo msimdharau kijana wa ofisini anayesema, mashine hii leo imekuwa nzito na jana haikuwa hivyo, au fundi anayesema, betri ya simu hii inaisha upesi tangu iliposasishwa. Mwulizeni zaidi.

Namna ya kupima kwa mwenye simu

Baada ya maelezo hayo, nifike kwenye yale ya kutenda. Tangazo la toleo jipya likija, jiulize maswali manne, kwa mpangilio huu.

Kwanza: limepita njia gani? Njia hutangulia, maneno hufuata, kwa maana hata mwizi huandika neno usalama. Tangazo likija kwa ujumbe, kwa kiungo, au kwa mtu aliyekupigia akijiita mhudumu, usilibonyeze. Fungua mwenyewe duka la programu au sehemu ya mipangilio ya simu yako, uangalie kama toleo hilo lipo. Kama halipo, tangazo lile ni la uongo.

Pili: linabadilisha nini? Duka la programu huonyesha maelezo ya yaliyo mapya. Maelezo yakitaja usalama au upenyo ulioonekana, sasisha siku hiyo hiyo au kesho yake. Yakitaja rangi, mapambo au michezo, si dhambi kungoja juma moja na kusikia waliotangulia wanasemaje. Bando ni fedha, nasi hatuwaambii mlimalize kwa kila kitu. Kama ni la kubana, basi litumike kwanza kwa programu endeshi ya simu, kwa programu za benki na fedha, na kwa programu za mawasiliano. Mchezo wa mtoto unaweza kungoja.

Tatu: linaomba ruhusa gani mpya? Programu ya tochi haina haja ya kusoma jumbe zako. Programu ya picha haina haja ya orodha ya majina ya watu unaowapigia. Ruhusa ikizidi kazi, ikatae. Na programu ikigoma kufanya kazi bila ruhusa hiyo, iondoe. Kumbukeni habari ya CamScanner: njia ilikuwa halali na bado hatari iliingia. Kwa sababu hiyo programu chache zenye ruhusa chache ni kinga kubwa kuliko uhodari wa kuchagua. Kila programu usiyoitumia ni mnyororo mwingine unaokufunga kwa watu usiowajua.

Nne: likiharibu, nitarudije? Picha muhimu, namba za watu na nyaraka ziwe na nakala mahali pengine kabla hujasasisha. Akiba haiozi.

Niongeze neno kwa wanaonunua simu, ziwe mpya au zilizotumika. Muulizeni muuzaji: simu hii itapokea masasisho ya usalama hadi lini? Simu iliyokwisha kuachwa na mtengenezaji wake huuzwa kwa bei nafuu, nayo hufaa kwa kupiga na kusikiliza. Haifai kubebeshwa akiba ya kikundi. Tena, simu ikipelekwa kwa fundi kuwekewa programu endeshi upya, mwenye simu aulize faili limetoka wapi. Fundi mwaminifu hukasirishwa na deni, hakasirishwi na swali.

Namna ya kupima kwa ofisi na vyama

Chukueni mfano wa chama cha msingi kinachokusanya ufuta au korosho. Ndani ya kompyuta moja mna majina ya wakulima, kilo walizopeleka ghalani na akaunti zao za benki. Sasisho baya likivuruga hesabu hizo katika msimu, anayeumia si kompyuta wala karani. Ni mkulima aliyeuza jasho la mwaka na sasa anasubiri malipo ambayo hayajulikani ni ya kilo ngapi. Hali ni hiyo hiyo kwa shule yenye matokeo ya wanafunzi na kwa zahanati yenye taarifa za wagonjwa.

Kwa taasisi kama hizi tunashauri mambo matano.

Kuwe na daftari la programu. Ndani yake yaandikwe majina ya programu zote zinazotumika, toleo la kila moja, aliyeiuza au kuitoa, na tarehe iliyosasishwa mara ya mwisho. Waliohangaika zaidi mwezi ule wa Log4j ni wale ambao hawakuwa na orodha.

Muuzaji aulizwe viambato. Mnaponunua dawa ya mikorosho mnasoma kibandiko. Kwa nini programu inunuliwe bila kibandiko? Mwezi Mei 2021 Rais wa Marekani alitoa amri iliyoelekeza kwamba wanaoiuzia programu serikali kuu ya nchi hiyo watoe orodha ya viambato vilivyomo ndani yake. Nanyi mnaweza kuandika katika mkataba: tutajieni vifurushi mnavyovitegemea, na mtujulishe ndani ya muda fulani kimoja wapo kikionekana kuwa na upenyo. Muuzaji asiyeweza kujibu leo, hataweza siku ya msiba.

Toleo jipya lijaribiwe kwanza katika kompyuta moja ambayo si ile yenye hesabu kuu. Ikipita siku moja au mbili bila kasoro, nyingine zifuate. Kwa viraka vya usalama vya haraka, majaribio yawe ya saa chache, yasiwe ya wiki.

Nakala ya kumbukumbu iwekwe katika diski ya nje, kisha diski ichomolewe na kufungiwa. Diski inayoachwa imechomekwa hupatwa na yaliyoipata kompyuta. Na kila baada ya muda, nakala ifunguliwe kuhakikisha kwamba inasomeka.

Uamuzi wa kusasisha usiwe wa mtu mmoja asiyeulizwa. Wawili wakubaliane na kutia saini katika daftari. Hilo halitokani na kuwashuku makarani. Linawalinda, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kusema kwamba kosa ni la programu hakumwondolei mtu dhamana hiyo.

Kwa vijana wanaojifunza kuandika programu

Najua hapa wapo vijana wanaojifunza kuandika programu kwa simu zao wenyewe. Ninyi ndio mtakaokuwa juu ya mto, na wengine watakunywa maji yenu. Msichukue kifurushi kwa kufanana jina. Wapo wanaotengeneza majina yanayotofautiana na jina halisi kwa herufi moja, wakimvizia aliyekosea kuandika. Andikeni katika kazi yenu toleo mahsusi mnalolitegemea, pamoja na alama yake ya utambulisho, ili lisibadilike bila ninyi kujua. Kabla ya kupandisha toleo, someni yaliyobadilika baina ya la zamani na jipya. Badiliko dogo linaloleta kifurushi kipya kisichohusiana na kazi lishukiwe.

Tarehe 8 Septemba 2025 mtunzaji mmoja wa vifurushi vinavyotumiwa na waandishi wa programu za wavuti alidanganywa kwa barua pepe iliyojifanya kutoka kwa wasimamizi wa hifadhi ya npm. Wadukuzi walipata funguo zake, wakatoa matoleo yenye sumu ya vifurushi 18, vikiwemo chalk na debug, ambavyo kwa jumla hupakuliwa zaidi ya mara bilioni mbili kwa juma. Matoleo hayo yalikaa kwa takriban saa mbili kabla ya kuondolewa. Aliyekuwa na desturi ya kungoja siku chache kabla ya kupokea toleo lisilo la dharura hakuguswa. Mkilinganisha na habari ya Log4j mtaona kwamba kungoja kulimwokoa mmoja na kumponza mwingine. Tofauti yao ni sababu ya toleo lenyewe: kiraka cha upenyo unaotumiwa na wezi hakingoji, na toleo la kawaida halina haraka. Kuzitenganisha hali hizo mbili ndiyo kazi ya anayekagua, na hakuna mashine itakayomfanyia yote.

Mahali pa kuuliza na kushtaki

Mtu akihisi kwamba simu au kompyuta yake imeingiliwa, aitoe kwanza katika intaneti. Kisha atumie simu nyingine kuwajulisha benki yake au mtandao wake wa simu, na kubadili namba za siri. Ujumbe wa kitapeli, ukiwemo ule unaokutaka upakue toleo fulani, utolewe taarifa kwa kutuma namba iliyoutuma kwenda 15040. Kwa matukio makubwa ya kiusalama katika mitandao ipo timu ya kitaifa, TZ-CERT, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Taarifa zako binafsi zikivuja au kutumiwa isivyo halali, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Uhalifu wenyewe upelekwe polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawapa uwezo wa kuushughulikia. Msifute ujumbe wala tangazo lililowaponza kabla ya kulionyesha, kwa sababu huo ndio ushahidi.

Ndugu zangu, sikuja kuwatia hofu ya simu. Fedha za mazao, ada za watoto na habari za wagonjwa zimekwisha kuhamia humo, nazo hazitarudi katika daftari la karatasi. Tunachoomba ni kwamba kabla ya kidole kugusa kioo, pawe na swali: limetoka wapi, linabadilisha nini, linataka ruhusa gani, nami nitarudije? Tutabaki hapa hadi alasiri, na wenzangu wawili wako pale mezani. Mwenye simu anayetaka kuangaliwa ruhusa za programu zake, na karani anayetaka kuonyeshwa namna ya kuanza daftari la programu, wapite bila malipo yoyote.